Mnyonge wa Ratili Tisini na Saba

Katika mambo ambayo kijana hushindwa kuyaficha, umbo la mwili ni la kwanza. Ujinga hufunikwa kwa kimya, umaskini hufunikwa kwa usafi, na woga waweza kufunikwa kwa maneno makubwa. Lakini mtu aliyeumbwa mwembamba huuchukua wembamba wake mbele za watu kila atokapo mlangoni. Wenziwe humwita kimbaombao, au sindano, au unyasi, na humwonya kwa mzaha asitoke nje upepo ukivuma. Mzaha huo ni wa zamani sana, na kila taifa lina wake. Kilicho kipya ni imani ya kwamba wembamba si hukumu: kwamba mtu aweza kukaa akajijenga misuli kwa kusudi na kwa kipimo, kama mwashi ajengavyo ukuta. Imani hiyo haijapata umri wa miaka mia na hamsini. Insha hii yaeleza ilikotoka, nani waliieneza, nani waliipatia faida, na namna ilivyoacha kuwa imani tu ikawa elimu.

Hadithi za kale hazimjui kijana huyu. Fumo Liyongo, ambaye habari zake husimuliwa katika pwani yetu ya kaskazini, alikuwa shujaa kwa kuumbwa. Urefu wake na nguvu zake havikuhitaji maelezo, wala msimulizi hatuambii kwamba alikuwa mtoto dhaifu akajizoeza. Samsoni wa Biblia alipewa nguvu zake pamoja na nywele zake. Wagiriki walikuwa na Milo wa mji wa Kroton, mpiga mieleka wa karne ya 6 kabla ya Kristo, aliyeshinda mara sita katika michezo ya Olimpiki, ushindi mmoja ukiwa wa wavulana. Yasemekana alianza kumbeba ndama mabegani, akambeba kila siku, na ndama alivyozidi kukua ndivyo nguvu za Milo zilivyozidi, hata mwisho akamchukua fahali mzima. Sina haja ya kuamini habari hiyo ili niipende. Ndani yake mna fikira moja iliyo kweli kabisa, nayo ni kwamba mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, mwili nao huongezeka. Lakini hata Milo hakusemwa kuwa alikuwa mnyonge. Ndama yule tutakutana naye tena, mbali sana na Ugiriki, katika wodi ya hospitali.

Mtu wa kwanza kuigeuza hadithi ya mwenye nguvu ikaanza na mtoto dhaifu, na kuipeleka duniani kote, alijiita Eugen Sandow. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller, naye alizaliwa mwaka wa 1867 katika mji wa Königsberg, uliokuwa wa Prusia wakati huo na ambao leo ni Kaliningrad, katika nchi ya Urusi. Mwaka wa 1889 alipanda jukwaani katika London akamshinda mbele ya watu mwenye nguvu mmoja aliyejiita Sampson, na toka siku hiyo jina lake likapaa. Mwaka wa 1893 alikuwa Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, na watu walilipa fedha si kumwona akiinua vitu vizito tu, bali kumtazama amesimama bila kufanya lolote, kama sanamu.

Sandow aliandika kwamba utotoni alikuwa dhaifu. Baba yake, alisema, alimchukua Italia, na huko mtoto akaona sanamu za mashujaa wa kale, akauliza kwa nini watu wa leo hawana miili kama ile. Hakuna ushahidi wa habari hii ila maneno yake mwenyewe. Lakini itazame kwa jicho la mfanyabiashara. Kama Sandow angesema alizaliwa na nguvu, watu wangempigia makofi wakarudi makwao. Aliposema alizaliwa mnyonge, kila mnyonge aliyemsikiliza akawa mteja wake. Naye alikuwa na vitu vya kuuza: kitabu cha mafunzo kilichotoka mwaka wa 1897, shule ya mazoezi katika London, gazeti la kila mwezi, na vyombo vya mazoezi vya namna nyingi.

Hata hivyo nisimdhulumu. Tarehe 14 Septemba 1901, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, alifanya mashindano makubwa ya miili iliyojengwa kwa mazoezi. Waamuzi walikuwa yeye mwenyewe, mchongaji wa sanamu Sir Charles Lawes, na Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes. Ukumbi ulijaa watu, na mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Hawa walioshindana hawakuwa watu wa sarakasi waliozaliwa majitu. Walikuwa watu wa kawaida waliochukua mafunzo wakajizoeza. Fikira ya kwamba karani wa ofisi aweza kuwa na mwili kama wa sanamu ilionekana usiku ule kwa macho.

Katika Marekani mbegu ile ile ilipandwa na Bernarr Macfadden, yatima wa Missouri aliyekuwa mgonjwa mgonjwa utotoni akapata nguvu kwa kazi za shamba. Jina lake alilibadili kidogo ili, kama asemavyo mwenyewe, lisikike kama mngurumo wa simba. Alitengeneza gazeti la kusifu afya toka mwaka wa 1899, na mengi aliyoyaandika humo juu ya magonjwa na dawa yalikuwa upuuzi mtupu. Twamhitaji hapa kwa jambo moja tu: mashindano yake ndiyo yaliyomtoa Charles Atlas.

Mtoto aliyekuja kuitwa Charles Atlas alizaliwa tarehe 30 Oktoba 1892 katika mji wa Acri, katika jimbo la Calabria, kusini mwa Italia. Jina lake lilikuwa Angelo Siciliano. (Kroton, mji wa Milo, umo katika jimbo lilo hilo, sadfa tu, lakini sadfa nzuri.) Alipelekwa Marekani angali mtoto, akakulia Brooklyn, katika jiji la New York, miongoni mwa wahamiaji maskini. Alikuwa mwembamba, wa rangi ya ugonjwa. Baadaye ulimwengu mzima uliambiwa uzito wake wa siku zile: ratili 97, yaani kilo 44 hivi. Tarakimu hiyo ikawa mashuhuri kuliko miaka ya vita vingi.

Habari ya kugeuka kwake aliisimulia mara elfu, nayo ina sehemu tatu. Kwanza, alikwenda pwani ya Coney Island pamoja na msichana, na kijana mmoja mwenye kifua kipana akampiga teke la mchanga usoni, naye hakuthubutu kujibu. Pili, alipokwenda kutazama makumbusho ya Brooklyn aliona sanamu za miungu na mashujaa wa Kigiriki. Tatu, alisimama mbele ya kizimba cha simba akamwona mnyama yule akijinyoosha, misuli ikitembea chini ya ngozi, akajiuliza: simba hana vyuma vya kuinua, je, nguvu hizi zimetoka wapi? Akajijibu kwamba simba hushindanisha msuli na msuli. Msomaji amekwisha kuona kwamba sehemu ya pili ni hadithi ya Sandow iliyovikwa nguo mpya. Sehemu ya tatu nayo haiwezi kusimama mbele ya elimu ya wanyama, maana simba hapati nguvu kwa kujinyoosha. Ya kwanza huenda ikawa kweli, maana matukio kama hayo hutokea kila siku mahali popote penye vijana, wala hayahitaji shahidi.

Lakini mwili wake haukuwa hadithi. Mwaka wa 1921 alishinda shindano la Macfadden la kutafuta mwanamume mwenye sura na umbo bora. Mwaka uliofuata, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alishinda la mwili uliokamilika kuliko yote katika Amerika. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwa kielelezo cha wachongaji, ambao walimlipa asimame mbele yao kwa saa nyingi. Mwaka wa 1922 alilifanya jina la Charles Atlas kuwa lake kisheria, akaanza kuuza mafunzo kwa njia ya posta. Mwandishi wa mafunzo hayo alikuwa daktari mmoja wa Kiingereza, Frederick Tilney.

Biashara haikwenda vizuri. Atlas alikuwa na misuli ya shujaa na akili ya hesabu ya mtoto. Aliyemwokoa alikuwa kijana wa kazi ya matangazo, Charles Roman, aliyejiunga naye mwishoni mwa miaka ya 1920, naye ndiye aliyeyapa mazoezi yale jina la kuvutia lenye maana ya mvutano wa nguvu. Mafunzo yalikuwa kumi na mawili. Hayakuhitaji chombo chochote. Mwanafunzi alikutanisha viganja vyake akavisukuma kimoja kwa kingine, au alivuta mkono mmoja kwa mwingine, au alijiinua sakafuni kati ya viti viwili. Alifundishwa pia kula vizuri, kulala mapema na kuvuta hewa safi.

Roman alijua kwamba hauzi mazoezi. Auza dawa ya aibu. Tangazo lake lililojulikana kuliko yote lilikuwa hadithi fupi ya picha iliyochapwa nyuma ya magazeti ya vijana. Kijana mwembamba aitwaye Mac yuko pwani na msichana. Jitu lamrushia mchanga na kumdharau. Msichana naye amvunja moyo kwa neno moja la huruma. Mac arudi nyumbani, apiga kiti teke, apeleka barua kwa Charles Atlas. Katika picha inayofuata asimama mbele ya kioo na mwili mpya, kisha arudi pwani, ampiga jitu ngumi, na msichana amshika mkono. Haya yote katika picha saba au nane! Huelezwi ni miezi mingapi iliyopita kati ya barua na kioo, wala Mac alikula nini, wala kama alichoka. Wala hakuna anayeuliza kwa nini mtu mwembamba alistahili kurushiwa mchanga. Hilo ndilo linaloniudhi katika tangazo lile mpaka leo: linakubali sheria ya mjeuri, kisha linamfundisha mnyonge namna ya kuwa mjeuri wa pili.

Wapinzani wake walikuwa na lawama nyingine. Bob Hoffman wa mji wa York, katika Pennsylvania, ambaye aliuza vyuma vya kuinua, alisema mafunzo ya Atlas ni porojo, na kwamba hakuna mtu aliyepata mwili ule bila vyuma. Ugomvi wao ulifika mbele ya tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara. Leo twaweza kuamua bila ya hasira, kwa kuwa majaribio ya karne hii yameonyesha kwamba msuli hukua ukifanyishwa kazi mpaka karibu na kuchoka kabisa, mzigo uwe mzito au mwepesi. Kwa hiyo mazoezi ya Atlas hayakuwa uongo, na wanafunzi wake waliofanya kwa bidii walipata kitu. Kasoro yake ilikuwa kwamba hayana kipimo. Mtu asukumaye kiganja chake mwenyewe hajui leo amesukuma kuliko jana au chini ya jana. Ndama wa Milo hakuwapo.

Kwa upande wa vyuma, kikwazo kilikuwa cha namna nyingine. Madaktari na walimu wa michezo wa zama zile waliamini kwamba kuinua vitu vizito humfanya mtu awe mgumu kama gogo, asiweze kujikunja wala kukimbia, na kwamba huudhuru moyo. Kocha aliyemwona mchezaji wake akishika chuma alimfukuza. Mwaka wa 1940 Hoffman aliwachukua wanafunzi wake akaenda nao kwenye chuo cha Springfield, Massachusetts, ambako palikuwa na mtaalamu wa mazoezi aitwaye Peter Karpovich, mmoja wa wasioviamini vyuma. Baada ya maonyesho Karpovich alisimama akamwuliza John Grimek, bingwa wa umbo wa mwaka ule, kama aweza kujikuna mgongoni katikati ya mabega. Wanafunzi wakacheka. Grimek akajikuna kwa mkono mmoja, akajikuna kwa mkono wa pili, kisha akatanua miguu mpaka akakaa sakafuni. Kwa sifa zake, Karpovich hakukasirika bali alikwenda kupima. Mwaka wa 1951 yeye na mwenzake William Zorbas walitoa matokeo ya kuwapima watu 600, nusu wainua vyuma na nusu wasioinua, wakaona kwamba wainua vyuma walizungusha mkono upesi zaidi. Napenda sana habari ya mtaalamu aliyekubali kushindwa na mtu anayejikuna.

Sasa twafika wodini. Thomas DeLorme alikulia katika jimbo la Alabama. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita alipatwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao huanza kooni na kwenye viungo ukaishia kuharibu moyo, na ambao ungali ukiwaua watoto katika nchi zetu mpaka leo. Alilazwa kitandani kwa miezi kadhaa. Alipoinuka alikuwa gofu la mtu, na waganga wakamwambia asijichoshe maisha yake yote. Aliposoma magazeti ya wainua vyuma aliamua kutowatii. Alijitengenezea vyuma vyake kutokana na vipande vya vyuma vikuukuu, kama wafanyavyo vijana wa mitaa yetu wanaomimina saruji katika makopo mawili ya rangi na kuyaunga kwa bomba, akaanza kuinua. Akapata nguvu, kisha akaenda kusoma udaktari. Nawasihi wasomaji wasiichukue habari hii kuwa dawa ya moyo mgonjwa. DeLorme alibahatika, na mwenye ugonjwa ule leo apaswa kumsikiliza daktari.

Mwaka wa 1944 alikuwa daktari wa jeshi katika hospitali ya Gardiner, Chicago. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikirudisha majeruhi kwa maelfu, na vitanda havikutosha. Wengi walikuwa wamevunjika paja au wameumia goti. Mfupa ulipona lakini mguu haukupona: baada ya miezi ndani ya plasta, paja lilikuwa limenywea likawa kama mkono, na goti halikuweza kumbeba mtu. Tiba ya siku zile ilikuwa mizigo myepesi na marudio mengi sana, kwa hofu ya kumwumiza mgonjwa. Wagonjwa walikaa muda mrefu, wakatoka na miguu dhaifu.

DeLorme alifanya kinyume. Alimfunga mgonjwa kiatu cha chuma mguuni, akakiongezea uzito, akatafuta mzigo ambao mguu uliweza kuuinua mara kumi tu, si kumi na moja. Huo ukawa kipimo chake. Mgonjwa aliinua duru saba hadi kumi, kila duru mara kumi, na kila juma mzigo ulitafutwa upya na kuongezwa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa sajini aliyepasuliwa goti. Paja likajaa, goti likatulia, na wengine wodini, walipoona, wakataka na wao. Mwaka wa 1945 DeLorme alichapisha matokeo katika jarida la wapasuaji wa mifupa. Mwaka wa 1948, pamoja na Arthur Watkins, alipunguza kazi ikawa duru tatu: ya kwanza kwa nusu ya mzigo, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa mzigo mzima. Tatu kwa kumi: mpango huu waufahamu hata mtu asiyewahi kulisikia jina la DeLorme, maana umebandikwa ukutani katika kumbi za mazoezi toka Nairobi hadi Tokyo.

Tazama kilichobadilika. Milo alikuwa na ndama, lakini ndama hukua apendavyo mwenyewe. Atlas alikuwa na bidii bila mizani. DeLorme alileta mizani, na pamoja na mizani alileta mtu asiyekuwa katika tangazo lolote: askari aliyekonda kwa ugonjwa, ambaye hakutafuta mwili wa sanamu bali alitaka kupanda ngazi za nyumba yake.

Hata hivyo swali la kijana wetu wa mwanzo lingali halijajibiwa. Yeye hakukonda kwa ugonjwa, alizaliwa hivyo. Je, vyuma vya Chicago vyamfaa? Mwaka wa 1940 Mmarekani William Sheldon alitoa kitabu kilichotokana na picha za wanafunzi wa kiume 4,000 wa vyuo. Aliwagawa watu katika namna tatu, mnene, mwenye misuli na mwembamba, akampa kila mmoja alama toka 1 hadi 7 kwa kila namna. Laiti angekomea hapo! Aliendelea kusema kwamba tabia hufuata umbo, kwamba mwembamba ni mtu wa aibu, mpenda upweke na mawazo, na kwamba alama hizo hazibadiliki maisha yote. Elimu imeitupilia mbali sehemu ile ya tabia. Nayo sehemu ya kutobadilika ilirekebishwa mwaka wa 1967 na Barbara Heath na Lindsay Carter, ambao walipima umbo kama lilivyo siku ya kupimwa, si kama amri ya kuzaliwa. Lakini jina la Kigiriki ambalo Sheldon alimpa mtu mwembamba, ektomofu, lingali likitajwa na vijana kama kwamba ni kabila.

Ukweli wa maumbile ni mgumu kuliko alivyodhani Sheldon na mpole kuliko alivyodhani Roman. Katika Kanada, Claude Bouchard na wenzake walichukua jozi 12 za vijana pacha wa kufanana, wakawalisha kalori 1,000 kupita haja yao, siku sita katika kila juma, hata zikatimia siku 84 za kula hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1990. Chakula cha ziada kilikuwa sawasawa kwa wote. Lakini aliyeongezeka kidogo aliongezeka kilo 4.3, na aliyeongezeka sana kilo 13.3, na pacha walifanana na pacha wenzao kuliko walivyofanana na watu wengine. Basi yule asemaye, "Nala sana wala sinenepi," huenda hasemi uongo. Mwaka wa 1999 jaribio jingine la watu 16 lilionyesha sababu mojawapo: wale wasioongezeka walikuwa, bila kujua, wakijitikisa na kusimama na kutembea zaidi walipolishwa zaidi. Miili yao iliteketeza kile kilicholiwa.

Misuli nayo ina hali kama hiyo. Mwaka wa 2005 wataalamu walitoa matokeo ya watu 585, wanaume na wanawake, waliofanyisha mkono mmoja mazoezi kwa majuma 12 kwa mpango ule ule. Wengine hawakuongezeka unene wa msuli hata kidogo; mmoja aliongezeka kwa asilimia 59. Wengi walikuwa katikati. Nguvu ziliongezeka kwa karibu watu wote, maana katika majuma ya kwanza ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuuamrisha msuli vema, kabla msuli wenyewe haujanenepa. Kijana anayejitazama kiooni kila asubuhi kwa mwezi mmoja asione kitu, huku mzigo aliouinua mara sita sasa auinua mara kumi, hajashindwa. Kioo chake ndicho kinachochelewa. Na chakula hakihitaji kopo la bei kubwa lenye picha ya jitu. Wataalamu wamekadiria kiasi cha gramu 1.6 za protini kwa siku kwa kila kilo ya mwili kuwa chatosha kwa mtu anayeinua vyuma, na protini hiyo imo katika maharagwe, mayai, maziwa, omena na nyama. Githeri la nyanyako, mahindi na maharagwe katika chungu kimoja, lilikuwa limekwisha kuunganisha protini za nafaka na za kunde zamani kabla ya makopo kuja.

Lakini kuna watu wasiotaka kungoja. Testosteroni, homoni inayompa mwanamume misuli, ilitengenezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1935. Mwaka wa 1954 daktari wa Kimarekani John Ziegler alikuwa Vienna pamoja na timu ya wainua vyuma, akapata habari kwamba Warusi wanaitumia. Mwaka wa 1958 kampuni ya Ciba ilitoa vidonge vya Dianabol, navyo vikaenea upesi katika York, mji ule ule wa Hoffman. Baadaye Ziegler mwenyewe alijutia sana sehemu yake katika jambo hilo, alipoona wanariadha wakivila kama karanga. Dawa za jamii hiyo huharibu ini, hudhuru moyo, na kwa kijana anayekua hufunga mifupa kabla ya wakati wake akabaki mfupi. Halmashauri ya Olimpiki ilizikataza mwaka wa 1975, ikaanza kuzipima huko Montreal mwaka wa 1976. Makatazo hayakuzimaliza. Siku hizi huuzwa kwa siri, na picha za miili iliyojengwa nazo huonyeshwa kwa vijana kama kwamba ni matunda ya bidii na mayai. Tangazo la Mac angalau halikumdhuru mtu ini.

Charles Atlas aliishi maisha ya kiasi. Alifanya mazoezi yake kila siku mpaka uzeeni, akafa mwezi wa Desemba 1972, mwenye umri wa miaka 80. Barua za vijana zilikuwa zimemjia toka pande nyingi za dunia, katika lugha nyingi, na karibu zote zilikuwa na maneno yale yale mawili: uzito wangu, na aibu yangu. Katika jiji la New York kuna tao kubwa la mawe meupe kwenye uwanja wa Washington, na juu yake sanamu ya George Washington iliyochongwa na Alexander Stirling Calder na kusimamishwa mwaka wa 1918. Mmoja wa watu waliosimama mbele ya mchongaji ili apate kuuchonga mwili ule alikuwa Angelo Siciliano wa Acri, mhamiaji, ambaye wakati huo alikuwa bado hajalipata jina lake jipya.